Bomba la Mafuta na Shamba la Mkulima

Hotuba ya Halmashauri, iliyosomwa huko Myamba mbele ya wajumbe na wanachama katika sherehe ya miaka 10 ya Chama chetu Kikuu cha Ushirika



Kamati ya Sherehe imetuomba tuseme neno juu ya jambo moja ambalo si kahawa wala tangawizi, na pengine wako watakaojiuliza ushirika wa wakulima una haja gani nalo. Jambo lenyewe ni bomba la mafuta litokalo Hoima katika Uganda kwenda Tanga, na mabishano makubwa yaliyozuka juu yake katika Afrika na hata Ulaya.

Tuseme kwanza kwamba bomba hilo halipiti katika wilaya yetu ya Same, na mtu aliyewaambia kuwa litapita Myamba hakuwaambia kweli. Lakini likiisha kutoka Manyara huingia mkoa wa Tanga na kukata Kilindi, Handeni, Korogwe na Muheza. Hizo ni nchi za majirani zetu. Huko wako ndugu zetu waliooa, walioolewa na waliofungua mashamba, na lori lichukualo tangawizi yetu kwenda Tanga hupita Korogwe. Yaliyowapata wakulima wa huko yaweza kutufikia sisi pia siku yoyote, kama si kwa bomba, basi kwa barabara, au nguzo za umeme, au mgodi.

Yafaa tulieleze bomba lenyewe, maana wengi hulizungumza bila kulijua. Mwaka 2006 mafuta yaligunduliwa karibu na Ziwa Albert, magharibi ya Uganda. Wataalamu wakadiria kwamba ardhini mna mapipa bilioni 6.5, na katika hayo yawezayo kutolewa ni kama bilioni 1.4. Uganda haina pwani, kwa hiyo mafuta yake hayana budi kupita katika nchi ya jirani ili yafike baharini. Urefu wa bomba ni kilomita 1,443, na katika hizo kilomita 1,147 zimo Tanzania. Mafuta hayo yana nta nyingi. Yakipoa huganda, kama samli igandavyo huku milimani asubuhi ya mwezi wa Julai. Kwa sababu hiyo bomba hufukiwa na kupashwa moto njia nzima, yapata digrii 50, mpaka rasi ya Chongoleani karibu na mji wa Tanga, ambapo meli zitayapokea. Wenye bomba ni wanne: kampuni ya TotalEnergies ya Ufaransa yenye hisa 62 kwa mia, Shirika la Mafuta la Taifa la Uganda lenye 15, Shirika letu la Maendeleo ya Petroli, yaani TPDC, lenye 15, na kampuni ya CNOOC ya China yenye 8.

Siasa ya mabomba si jambo geni katika nchi yetu. Wazee wanakumbuka habari za bomba la TAZAMA, litokalo Dar es Salaam hadi Ndola katika Zambia, kilomita 1,710. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao Novemba 1965, Zambia ilikatiwa njia yake ya mafuta ya kusini, na kwa muda petroli ilibidi ichukuliwe katika mapipa juu ya malori, kwa barabara mbaya iliyoua madereva wengi. Bomba likamalizika mwaka 1968. Lilikuwa bomba la kumwokoa jirani aliyekabwa koo, na kila mtu aliielewa sababu yake.

Bomba la Hoima lina historia nyingine. Hapa majirani walishindania biashara. Mwaka 2015 Uganda na Kenya zilipatana kwamba mafuta yangepita kaskazini ya Kenya, katika Lokichar, mpaka Lamu, ili yachanganywe na mafuta yaliyoonekana Turkana. Wenzetu wa Kenya walikuwa na matumaini makubwa. Wakati huo huo Tanzania nayo ikatoa hoja zake, na kampuni za mafuta zenyewe hazikuwa na nia moja, maana moja ilipenda njia ya Kenya na nyingine ilipenda ya Tanga. Mwezi wa Aprili 2016 Uganda ikatangaza kwamba imechagua Tanga. Tarehe 5 Agosti 2017 Marais Magufuli na Museveni waliweka jiwe la msingi huko Chongoleani, na watu wa Tanga wakashangilia, na sisi tulishangilia nao, kwa kuwa bandari ya Tanga ndiyo bandari yetu ya asili tangu siku za reli ya Usambara.

Lakini hebu tuzitazame sababu zilizotolewa, kwa kuwa ndani yake mna neno linalotuhusu sana. Ilisemwa kwamba bandari ya Tanga iko tayari na Lamu bado. Ilisemwa kwamba njia ya Kenya ina hatari ya majambazi wenye silaha kutoka Somalia. Hizo ni sababu za haki. Kisha ilisemwa kwamba kupata ardhi katika Kenya kungekuwa kugumu na kungechelewesha kazi, na katika Tanzania kungekuwa kwepesi.

Neno hilo la wepesi ndilo lililotufanya tukae kitako na kufikiri. Wepesi huo watoka wapi? Watoka katika sheria zetu. Kwa Sheria za Ardhi za mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, nayo imekabidhiwa kwa Rais awe mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Kwa Sheria ya Kutwaa Ardhi ya mwaka 1967, Rais aweza kuitwaa kwa faida ya umma. Hatuilaumu misingi hiyo. Ndiyo iliyotulinda tusipoteze nchi kwa matajiri wachache, kama ilivyotokea kwingine. Lakini mdhamini ni mtu aliyeshika mali ya mwingine, na sheria hizo hizo zasema kwamba mwananchi anayeondolewa katika ardhi yake atalipwa fidia kamili, ya haki, na kwa wakati. Mgeni akiisifu nchi yetu kwa wepesi wa kupata ardhi, tungependa wepesi huo uwe umetokana na malipo yaliyotimizwa upesi. Usitokane na mkulima kutojua haki yake.

Basi tutazame jinsi mambo yalivyokwenda. Ukanda uliotwaliwa kwa ajili ya bomba una upana wa mita 30. Yeye aliye na ekari 50 nyikani hatauona ukanda huo sana. Lakini fikirini shamba la mlimani. Ukanda wa mita 30 ukipita katika shamba kwa urefu wa mita 70 tu, umekula zaidi ya nusu ekari, na katika milima yetu wako wanachama ambao nusu ekari ndiyo shamba lote la tangawizi. Tena juu ya bomba hakujengwi nyumba wala hakupandwi mti wa mizizi mirefu. Mpera, mwembe na mparachichi vyote hukatazwa.

Wathamini walipita katika vijiji vya Tanzania, wakapima ardhi, wakahesabu miti na mazao, wakaandika majina. Kazi hiyo kwa sehemu kubwa ilifanyika mwaka 2018. Siku ya mwisho ya kuhesabiwa ikatangazwa, na baada ya siku hiyo kitu chochote kipya hakikuingia katika hesabu. Kisha watu wakangoja. Mapatano ya mwisho kati ya Serikali yetu na wenye bomba yalitiwa sahihi Mei 2021, na ni baada ya hapo ndipo wengi walipoanza kulipwa. Watu wapatao 9,900 katika Tanzania walihusika. Wenye bomba wasema kwamba waliongeza nyongeza kwa ajili ya kuchelewa, na kwamba wale waliochagua kujengewa nyumba badala ya kupokea fedha walijengewa, nyumba zaidi ya 300. Haya ni mambo mema, na hayafai kufichwa.

Lakini mkulima ajua kwamba miaka 3 ya kungoja si kitu kidogo. Mche wa kahawa upandwao leo huanza kuzaa vizuri baada ya miaka kama 3. Mtu aliyeambiwa kwamba shamba lake limehesabiwa, naye akaogopa kupanda mti wa kudumu, amepoteza kizazi kizima cha miche. Hapati fidia kwa kahawa asiyoipanda. Bei ya saruji na bati haikukaa ikimngoja. Mtoto aliyekuwa darasa la tano amemaliza shule. Hasara ya namna hiyo haina safu yake katika fomu ya mthamini, na hapo ndipo, kwa maoni yetu, palipo kiini cha malalamiko mengi yaliyosikika kandokando ya bomba: watu hawakukataa bomba, bali walilalamikia kipimo na muda.

Hapa twawaombeni mkumbuke jambo la nyumbani. Wazee wetu walipoletewa kodi ya mbiru, katika miaka ya vita vya pili vya dunia, hawakukataa kulipa kodi. Walikataa namna ya kuikadiria. Walisema: Nani ameingia katika boma langu akahesabu mbuzi na migomba, na kwa kipimo gani, na nani amemchagua? Januari 1945 maelfu yao walitelemka milima wakaenda Same, wakakaa pale makao makuu ya wilaya kwa muda mrefu, kwa utulivu, wakidai jawabu. Mwaka 1947 mbiru ikafutwa. Marehemu Profesa Isaria Kimambo ameiandika habari hiyo, na vijana wetu wangefanya vema kuisoma. Swali waliloliuliza wazee ndilo swali la mkulima wa Korogwe na wa Handeni mbele ya mthamini wa bomba, ijapokuwa yule alitaka kuchukua kodi na huyu anataka kulipa fidia.

Sasa tugeukie mabishano ya mbali. Tarehe 15 Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kuomba kazi ya bomba icheleweshwe, kwa sababu ya haki za watu na kwa sababu ya hali ya hewa ya dunia. Wabunge wa Uganda wakajibu kwa hasira kwamba Ulaya ilitajirika kwa makaa na mafuta, na sasa yawakataza wengine. Benki nyingi na makampuni ya bima ya ng'ambo yalitangaza kwamba hayatashiriki. Vyama vinne vya raia vilipeleka shauri katika Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha. Novemba 2023 mahakama ikalitupa kwa kuwa lilifunguliwa nje ya muda, na walioshtaki wakakata rufani. Katika Uganda vijana waliokwenda barabarani kulipinga bomba walikamatwa mara nyingi. Kwetu Tanzania mjadala ulikuwa wa sauti ya chini.

Sisi hatuwezi kukubaliana kabisa na upande wowote. Wale wa Ulaya wanaotaka mafuta ya Uganda yabaki ardhini, na huku magari yao yajaa barabara zao, wana deni la kutueleza kwa nini waanze na maskini. Uganda ina haki ya kutumia mali yake. Lakini swali la kweli halibatilishwi na kinywa kilicholiuliza. Ninyi watu wa Mamba na Myamba mwakumbuka Novemba 2009, mlima ulipoporomoka usiku wa mvua huko Goha na kuwafukia ndugu zetu zaidi ya 20. Hatusemi kwamba maafa yale yaliletwa na mafuta ya nchi fulani. Hatuna ujuzi wa kusema hivyo. Twasema tu kwamba mtu akaaye chini ya mlima ulioporomoka hana ruhusa ya kumcheka anayezungumza juu ya mvua.

Vile vile wako wasemao kwamba kuuliza habari za bomba ni kuipinga Serikali. Tunayo mbele yetu mifano miwili ya wilaya yetu wenyewe. Mwaka 1988 wafugaji waliondolewa katika Mkomazi kwa ajili ya hifadhi ya wanyama, na kesi yao ikafika mpaka Mahakama ya Rufani. Maneno yake hayajaisha vinywani mwa watu hata leo. Kwa upande wa pili, mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, ambao ni bomba pia, litokalo katika Bwawa la Nyumba ya Mungu, ulichukua zaidi ya miaka 10 hata Rais Samia Suluhu Hassan alipouzindua Machi 2025. Katika miaka ile yote watu wa Same waliuliza kila mwaka: Maji yako wapi? Madiwani wakauliza, wabunge wakauliza. Hakuna aliyewaita maadui. Basi akiuliza mtu, Fidia iko wapi, kwa nini aonekane tofauti?

Juu ya fedha twapenda kusahihisha neno moja tu, maana husemwa kila mahali. Imetangazwa kwamba kila pipa litakalopita litalipiwa dola 12.77 za Marekani, na watu hudhani kwamba dola hizo zote zitaingia katika Hazina ya Tanzania. Sivyo. Hiyo ni nauli, kama nauli mnayolipa kwa mwenye lori. Hulipwa kwa kampuni ya bomba, nayo kwanza hutoa gharama zake na kulipa madeni yake, na kazi yenyewe, iliyokisiwa kwanza kuwa dola bilioni 3.5, imepanda kupita bilioni 5. Nchi yetu hupata sehemu yake kwa hisa 15 kwa mia, kwa kodi, na kwa kazi zitokanazo na bandari, usafirishaji na viwanda kama kile cha kuvisha mabomba huko Sojo, mkoa wa Tabora. Si haba. Lakini ni vema mtu ajue ukubwa wa sahani kabla ya kugawa nyama.

Tuje sasa kwetu. Katika milima hii maji ya ndiva hayakufunguliwa kwa amri ya mtu mmoja. Wa juu na wa chini walikaa pamoja, zamu zikatajwa, na aliyekosa kufika kwenye msaragambo wa kuzibua mfereji alijulikana. Desturi hiyo ndiyo twaiomba Chama Kikuu kiichukue katika mambo ya ardhi, kabla mpima wa kwanza hajaonekana na kamba yake.

Wanachama wengi hawana hati ya hakimiliki ya kimila. Mashamba yao wanayajua kwa mti wa sale na kwa kumbukumbu ya babu. Sale ni shahidi mwema kati ya majirani, lakini mthamini atokaye mbali hamwelewi. Twapendekeza kwamba kila chama cha msingi kiandike orodha ya wanachama wasio na hati, na Chama Kikuu kizungumze na Halmashauri ya Wilaya ili upimaji ufanyike kijiji kwa kijiji badala ya mtu mmoja mmoja kuhangaika. Na katika hati hizo jina la mke liandikwe pamoja na la mume, kama sheria ya ardhi ya vijiji inavyoruhusu. Twajua kwamba baadhi ya wazee hapa watanung'unika. Lakini nani apaliliaye tangawizi? Fidia hulipwa kwa mtu ambaye jina lake limeandikwa, na twafahamu nyumba ambazo fedha za namna hiyo, za barabara au za nguzo, zilipotea mjini kabla mama wa nyumba hajaziona.

Jambo la pili ni daftari letu. Kila kilo ya kahawa na ya tangawizi inayoletwa na mwanachama huandikwa, naye hupewa stakabadhi. Wengi hufungia tumbaku kwa stakabadhi zile. Msifanye hivyo tena. Mtu akisema shamba lake huzaa sana, ni maneno; akionyesha stakabadhi za miaka 5, ana shahidi asiyeweza kunyamazishwa. Makarani wa vyama nao waandike jina kamili la mwanachama na kitongoji chake, wasiandike “Mama Fulani” peke yake.

Tena, siku wathamini watakapofika, kwa kazi yoyote ile, asiwepo mkulima anayesimama nao peke yake shambani. Wajumbe 3 wa chama, na mmoja wao awe mama, wasimame naye, wahesabu miche pamoja na mthamini, nakala ya fomu ibaki kwa mkulima na nyingine katika kasha la chama. Asiyejua kusoma asomewe kabla ya kutia dole gumba. Kama malipo yakichelewa kupita muda uliowekwa na sheria, barua iandikwe na chama, kwa jina la chama, kwenda kwa Mkuu wa Wilaya, kwa adabu na kwa tarehe.

Bwana Mwenyekiti, kwa idhini yako tungependa kuanza leo. Karani wa Chama Kikuu amewekewa meza karibu na mlango wa ghala. Baada ya chakula ataandika majina ya wanachama wasio na hati, akianza na wale waliotoka mbali ili wawahi kurudi kabla ya mvua. Kila mmoja amtajie kitongoji chake, jina la mke au la mume, na majina ya majirani wa pande zote nne za shamba. Walio na stakabadhi za msimu uliopita mifukoni wamwonyeshe pia.